Alama Nzuri kwa Insha Isiyosomwa

Mazungumzo ya redioni. Somo: Marko 10:17-22

  Mimi ni mzee wa Kiirua, upande wa Buuri katika Meru, mahali ambapo asubuhi kama hii baridi ya Mlima Kenya hushuka juu ya mashamba ya viazi na ngano, na mtu akigeuza uso kaskazini huiona nchi kavu ya Isiolo iko chini yake. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi, nami nilifundisha Kiswahili. Basi mtanisamehe leo nikisema habari za madaftari, wino mwekundu na insha.

Nataka kuanza kwa swali. Je, umewahi kupewa sifa usiyostahili, ukaichukua kwa furaha, kisha baadaye ukaona kwamba sifa ile haikukusaidia neno? Tena nauliza: Je, wewe mwenyewe umewahi kumpa mtu sifa ya namna hiyo, ili tu aondoke mbele yako?

Nina hadithi mbili za kuwasimulia. Ya kwanza ni ya mbali, huko Marekani. Ya pili ni ya hapa hapa kwetu, nami nitaisimulia kwa aibu kidogo.

Katika jimbo la North Carolina, Marekani, kuna chuo kikuu cha zamani sana kilichoko mji wa Chapel Hill. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1795. Ni chuo chenye sifa kubwa ya elimu, na sifa kubwa zaidi ya mpira wa kikapu. Mwezi wa Machi mwaka 2014, mama mmoja aitwaye Mary Willingham, aliyekuwa akiwasaidia wanafunzi wanamichezo katika kusoma, alionyesha katika televisheni karatasi moja ya mwanafunzi. Ilikuwa insha juu ya Rosa Parks, yule mama Mwamerika mweusi ambaye mwaka 1955, katika mji wa Montgomery, alikataa kumpisha mzungu kiti chake ndani ya basi. Insha yenyewe ilikuwa aya moja tu. Maneno yake hayakufika hata mia mbili, tena yalipangwa kama ya mtoto anayejaribu kusimulia hadithi aliyosomewa usiku. Watu waliambiwa kwamba karatasi ile ilipata alama ya A-. Watu wakastaajabu. Wengine wakacheka, wengine wakakasirika.

Hapa sina budi kusema kweli yote, maana haifai mtu ahubiri juu ya alama za uongo huku yeye mwenyewe akiongeza chumvi. Baadaye ilielezwa kwamba ile A- ilikuwa alama ya somo zima, si ya karatasi ile peke yake. Lakini jambo lililokuwa nyuma ya karatasi ile lilikuwa kubwa kuliko karatasi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 2014, mwanasheria aitwaye Kenneth Wainstein, ambaye chuo chenyewe kilimwita achunguze, alitoa taarifa yake. Aligundua kwamba kwa muda wa miaka 18, tangu mwaka 1993 hadi mwaka 2011, wanafunzi zaidi ya 3,100 waliandikishwa katika masomo ambayo hayakuwa na darasa. Hapakuwa na mwalimu aliyesimama mbele yao. Kazi ilikuwa moja tu, kuandika insha na kuipeleka. Karibu nusu ya wanafunzi hao walikuwa wanamichezo.

Je, ni nani aliyesahihisha insha hizo? Nyingi kati yake hazikusahihishwa na profesa. Zilisahihishwa na karani wa idara, mama wa ofisini, ambaye hakuwa mwalimu. Hakuwa na desturi ya kuzisoma neno kwa neno. Alizipitisha macho, akaona kwamba karatasi zimetosha, akaandika A au B nzuri.

Nasi tusemao Kiswahili jambo hili linatugusa kwa namna yake. Idara ile ilikuwa ndiyo idara ya masomo ya Afrika, na lugha ya Kiswahili ilifundishwa humo. Wako wanafunzi walioandika insha kwa Kiingereza juu ya utamaduni wa Waswahili, wakahesabiwa kuwa wametimiza somo la lugha ya Kiswahili! Fikiri, ndugu yangu. Mtu anakuja hapa sokoni Kiirua na cheti mkononi kwamba amesoma Kiswahili. Mama mwenye viazi anamwambia, "Karibu, hujambo?" Naye anamwangalia tu. Cheti chasema ndiyo, lakini kinywa chasema hapana.

Sasa sikilizeni jambo lililonichoma moyo zaidi. Kwa nini karani yule alifanya hivyo? Mtu hudhani aliuza alama kwa fedha. La. Taarifa inaeleza kwamba alifanya hivyo kwa huruma. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma katika chuo kile, na siku zake za kusoma zilikuwa ngumu, wala hakuona mtu wa kumshika mkono. Basi alipopata kazi pale, akaazimia kuwasaidia wale wanaohangaika. Aliwahurumia. Nayo huruma yake ilimwonyesha njia iliyo fupi kuliko zote, yaani kumpa mtu alama nzuri aende zake.

Je, wale waliosaidiwa hivyo walishukuru? Katika mwaka 2014 na mwaka 2015 baadhi ya wachezaji wa zamani walikwenda mahakamani kukishtaki chuo. Angalieni mashtaka yao. Hawakulalamika kwamba wamenyimwa alama. Walilalamika kwamba wamenyimwa elimu. Alama walikuwa nazo tele!

Wapendwa, nisije nikawanyoshea kidole watu wa mbali na kusahau nyumba yetu. Katika Kenya yetu, mtihani wa mwisho wa sekondari wa mwaka 2015 ulitoa watahiniwa zaidi ya 2,600 wenye alama ya A, na wengine zaidi ya 5,000 wakafutiwa matokeo kwa ajili ya udanganyifu. Mwaka uliofuata, 2016, usimamizi ulikazwa, makaratasi yakalindwa. Waliopata A wakawa 141 katika nchi nzima. Watu walibishana sana juu ya sababu, wala mimi sitaki kumhukumu mtoto hata mmoja. Wengi walistahili alama zao. Lakini kila mzazi aliyeziona hesabu zile mbili aliuliza moyoni, "Je, zile A za kwanza zote zilikuwa za kweli?" Huo ndio ubaya wa alama isiyo ya kweli. Humwibia hata yule aliyeistahili.

Nilipoisoma habari ya yule karani wa Chapel Hill, niliweka gazeti chini nikanyamaza. Maana nilimfahamu karani yule. Nilimfahamu vizuri sana. Na hapa ndipo inapoanza hadithi yangu ya pili.

Imepita zaidi ya miaka thelathini sasa. Nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya upande wetu, ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na vidato vitatu vya Kiswahili, na wiki moja nikarundika mezani madaftari zaidi ya mia. Kichwa cha insha kilikuwa "Siku Ambayo Sitaisahau." Waalimu mnaonisikia mnajua insha hiyo. Kila mtoto huanza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, na katikati huwa kuna ajali ya basi.

Usiku ulikuwa umekwenda sana, taa ya mafuta ilikuwa ikipungua, na kesho yake asubuhi mkuu wa shule alitaka alama zote. Nilifika daftari la kijana mmoja wa kidato cha pili. Alikuwa mtoto mpole wa nyumba maskini, nami nilimhurumia, kwa sababu mara nyingi alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilitazama ukurasa wa kwanza. Jua lilikuwa linachomoza, ndege walikuwa wanaimba. Makosa yalikuwa mengi, lakini mwandiko ulikuwa safi na kurasa zilikuwa tatu kamili. Nikajiambia, "Maskini, amejitahidi. Wacha nimtie moyo." Nikaandika kwa wino mwekundu alama 15 kwa 20. Chini yake nikaandika, "Hongera. Endelea hivyo." Nikafunga daftari, nikachukua la pili.

Kijana yule alipokea daftari lake, akalifungua, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nilidhani ni furaha. Muhula ule haukuisha akawa haonekani tena shuleni. Nikauliza, nikaambiwa ameacha. Nikasema pole, nikaendelea na kazi.

Miaka kama sita ikapita. Siku moja ya soko hapa Kiirua, mama mmoja akaniita, "Mwalimu! Mwalimu!" Nikageuka. Alikuwa mamake yule kijana. Akanisalimu kwa heshima nyingi, akaniambia, "Mwalimu, mimi nakuombea kila siku. Mtoto wangu hakubahatika kusoma, lakini wewe ulimpenda. Twende nyumbani unywe chai, nikuonyeshe kitu." Nilikwenda. Akaingia ndani, akatoka na Biblia yake ya Kimeru iliyofungwa kwa kitambaa. Katikati ya Biblia ile mlikuwa na karatasi zilizokunjwa. Ilikuwa insha ile. Mama yule hakujua kusoma, lakini aliweza kuiona ile 15 nyekundu, na alikuwa ameambiwa maana yake. Aliihifadhi kama hati ya shamba.

Akanipa niitazame. Basi hapo, juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi, nikaisoma insha ile kwa mara ya kwanza.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa jua na ndege. Lakini katika ukurasa wa pili hadithi ilikoma ghafula. Kijana aliacha ndege na jua, akaandika hivi, kwa Kiswahili chake kilichovunjika: "Mwalimu mimi siwezi maliza muhula hii. Baba amelala hosipitali na ng'ombe tumeuza. Mjomba amesema nitabeba magunia ya viazi sokoni. Mimi nataka kusoma. Nisaidie, niseme nini kwa mjomba." Kisha, kwa kuwa aliogopa labda, akamalizia ukurasa wa tatu kwa kurudi kwenye jua, likitua sasa.

Chini yake palikuwa na mwandiko wangu: "Hongera. Endelea hivyo."

Wasikilizaji wapendwa, chai ile sikuimeza. Mama yule alikuwa ananitazama kwa tabasamu, akingoja niseme neno.

Nilimtafuta kijana siku iyo hiyo. Nilimkuta sokoni karibu na lori, amefunika mabega kwa gunia tupu. Nikamwambia, "Mwanangu, leo nimeisoma insha yako." Hakushangaa. Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. Alisema, "Nilijua hukuisoma, Mwalimu. Kama ungeisoma, usingenipa kumi na tano. Ungenipa tano, halafu ungeniita."

Ungenipa tano, halafu ungeniita! Ndugu zangu, sijasikia mahubiri yaliyo makubwa kuliko hayo.

Sasa fungueni Biblia zenu, Injili ya Marko sura ya 10, kuanzia mstari wa 17. Mtu mmoja alimjia Bwana Yesu mbio, akapiga magoti, akauliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Bwana akamkumbusha amri za Mungu. Mtu yule akajibu kwamba hizo zote amezishika tangu ujana wake. Ni kama kusema, "Bwana, hii hapa insha yangu. Kurasa ni kamili, mwandiko ni safi." Waalimu wengi wangempa alama nzuri, tena kwa haki. Lakini tazameni mambo matatu katika mstari wa 21.

Kwanza, Yesu alimtazama. Hakupitisha macho juu juu. Alimsoma hadi ukurasa wa pili, pale hadithi nzuri inapokoma na mambo ya kweli yanapoanza.

Pili, akampenda. Alimpenda baada ya kumtazama, akiwa amekwisha kuyaona yote. Sisi mara nyingi twapenda kwa kufumba macho. Bwana hupenda macho yake yakiwa wazi.

Tatu, akamwambia amepungukiwa na kitu kimoja. Ndiyo, wapendwa. Upendo wa Yesu ndio uliomwonyesha upungufu wake. Kisha hakumwacha hapo, alimwita, akamwambia aje amfuate. Alimpa tano, halafu akamwita.

Twajua kwamba mtu yule alikwenda zake amehuzunika, kwa kuwa alikuwa na mali nyingi. Bwana angaliweza kumzuia kwa kumwongezea alama. Angaliweza kusema, "Wewe si mbaya sana, umejitahidi, endelea hivyo." Hakufanya hivyo. Afadhali mtu aondoke na huzuni ya kweli, ambayo yaweza kumrudisha siku moja, kuliko kuondoka na furaha ya uongo ambayo haimrudishi kamwe.

Lakini najua kwamba msikilizaji mmoja anauliza, "Mzee, je, Injili si hiyo hiyo? Sisi tulihubiriwa kwamba twaokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Kazi yetu ni mbovu, naye Mungu hutupa alama nzuri. Tofauti iko wapi kati ya neema ya Mungu na huruma ya yule karani?"

Hilo ni swali jema, tena ni swali kubwa. Mimi mwenyewe lilinisumbua. Nendeni Mathayo sura ya 20, mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu. Wako walioanza kazi asubuhi, na wako walioajiriwa saa kumi na moja jioni. Jioni wote walilipwa dinari moja. Je, mwenye shamba alidanganya? La hasha. Alijua sana ni nani aliyefanya kazi mchana kutwa na ni nani aliyefanya saa moja tu. Hakuandika kitabuni kwamba wote wamefanya kazi saa kumi na mbili. Kitabu chake kilikuwa cha kweli, na mkono wake ulikuwa mkarimu. Tena fedha aliyotoa ilikuwa yake mwenyewe. Alilipa yeye.

Hiyo ndiyo tofauti. Yule karani, na mimi pamoja naye, tulitoa alama ambayo haikutugharimu chochote. Tulitia uongo kitabuni ili tusipate taabu ya kusoma na taabu ya kuita. Lakini Mungu husoma kila mstari wa maisha yetu, hata ule tulioufuta kwa ufutio. Husema wazi kwamba ni dhambi. Kisha deni lile lililoandikwa kwa haki, analilipa mwenyewe, kwa damu ya Mwanawe msalabani. Msalaba ni ushahidi wa milele kwamba insha zetu zimesomwa. Kama Mungu angekuwa mtu wa kupitisha macho, Kalvari ingekuwa ya nini?

Na tena, neema haituachi pale ilipotukuta. Someni Tito sura ya 2, mstari wa 11 na wa 12. Paulo anasema kwamba neema ile ile inayookoa ndiyo pia inayofundisha. Neema ni mwalimu! Huketi nasi jioni, huchukua daftari letu, hutuonyesha kosa moja moja, na kesho huja tena. Alama ya bure isiyosomwa humwacha mtu mjinga kama alivyokuwa. Neema ya Mungu humfanya mtu mpya.

Basi, tufanye nini?

Neno langu la kwanza ni kwa waalimu na wazazi. Someni ukurasa wa pili. Mtoto anayesema "Niko sawa tu" huenda ameandika jambo jingine katikati. Usimsifu ili akuondokee. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hata sisi tusioonja tembo twaijua maana yake. Lakini pia usiseme kosa kisha ukaishia hapo. Wako wazazi wanaotoa tano kila siku, na hawaiti kamwe. Hao nao hawajasoma. Ukimpa mtoto tano, mwite.

Neno la pili ni kwa wachungaji na wazee wa kanisa. Tuna darasa letu la ubatizo, na wakati mwingine watu ni wengi na siku kuu imekaribia. Twauliza maswali mawili, twaona mtu amevaa shati jeupe, twasema, "Hongera." Tena mkristo mwenzetu akija na sadaka kubwa, twapitisha macho juu ya namna alivyoipata. Hiyo si huruma wala si heshima. Tunampeleka kwenye mtihani wa mwisho akiwa na cheti asichoweza kukisimamia.

Neno la tatu ni kwako wewe ambaye watu wote wamekupa alama nzuri. Kanisani wanakuita mtu wa Mungu. Mtaani wanakusimamia. Lakini wewe unajua kwamba hawajasoma ukurasa wa pili. Bwana aliliandikia kanisa la Sardi, katika Ufunuo sura ya 3, kwamba lina jina la kuwa hai, nalo limekufa. Yaani watu walilipa A, naye Bwana alikuwa amelisoma. Usikate tamaa, ndugu. Barua ile ya Sardi haikuandikwa ili kuwafukuza. Iliandikwa ili waamke. Nenda kwa Yesu leo na daftari lako lilivyo. Mwonyeshe mwenyewe mahali pale ulipoandika, "Nisaidie."

Na wewe uliye kama kijana wangu, uliyeandika kilio chako na mtu akakujibu "Endelea hivyo," sikia neno hili. Yuko Mmoja aliyekisoma. Hakukuwa na usiku ambao taa yake ilipungua.

Najua mnataka kusikia mwisho wa kijana yule. Nilimwomba msamaha pale pale karibu na lori. Hakunijibu siku ile. Baada ya wiki mbili alikuja nyumbani kwangu jioni, amenawa, daftari jipya mkononi. Tulianza na herufi kubwa na nukta. Alikuja mwaka mzima, jioni kwa jioni, na sikumpa alama moja ambayo hakuistahili. Mara ya kwanza alipata sita. Alicheka kwa furaha, akasema, "Hii ni yangu." Leo yeye ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa, naye ndiye mwandishi wa kikundi chao cha wakulima wa viazi. Kumbukumbu za mikutano anaziandika mwenyewe. Makosa madogo bado yapo. Lakini watu wakitaka kujua lililosemwa kweli, hufungua kitabu chake.

Nayo ile karatasi ya 15? Nilimwambia mamake ukweli. Ilikuwa vigumu. Alinyamaza sana, kisha akaniambia, "Basi iandike upya, Mwalimu." Nikaifuta ile 15 kwa kalamu, nikaandika 5, na chini yake nikaandika, "Nimesoma. Nisamehe. Njoo." Akaikunja tena, akairudisha ndani ya Biblia yake.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe unatujua tulivyo. Tusamehe sisi tuliowasifu watu bila kuwasoma, na tuliowahukumu bila kuwaita. Tusamehe kwa kupenda alama nzuri kuliko kweli. Twakuletea maisha yetu na makosa yake yote. Tusome, Bwana, na usituache. Utufundishe kwa neema yako, siku kwa siku, hata tutakapokuona. Wabariki waalimu wote, na watoto wanaongoja majibu, na mama wanaohifadhi karatasi zao. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyetusoma akatupenda. Amina.

Mungu awabariki nyote, wapendwa. Kwaherini.